Mgomba Uliovaa Suti

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, na haikuwa na dalili yoyote ya ubaya. Bibiane alitoka kazini saa nane mchana, maana kule Ibanda alikokuwa mpiga chapa umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Akapitia sokoni, akanunua sombe, yale majani ya mhogo, na sambaza, dagaa wa ziwani, akashika njia ya kwao Muhumba akisalimia watu huku na huku. Mwaka ulikuwa 2000. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na watu wa Bukavu walikuwa wameshazoea vita kama mtu anavyozoea mguu mbovu, anachechemea lakini sokoni anafika.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Adolphine, ameketi na mgeni. Alikuwa Abbé Xavier, padri wa parokia yao, aliyerudi kutoka Nairobi jana yake. Chai ya padri ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mezani palikuwa na bahasha ya kaki, imevimba katikati.

"Maman Bibiane, ikala kwanza," padri alisema akimwonyesha kiti. "Hii kitu inatoka kwa bwana yako."

Bibiane akacheka. Ndiyo, alicheka, na usimlaumu, kwa sababu mumewe Polycarpe alikuwa marehemu wa miaka mitatu, na aliyemzika alikuwa yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa kumi mwaka 1996, Polycarpe, mwalimu wa jiografia, alikimbia na umati kupitia msitu wa Kahuzi. Bibiane alibaki na Adolphine, ambaye miguu yake haikuweza safari ile. Baada ya miezi jirani mmoja alirudi akasema alimwona Polycarpe akianguka mtoni, na hakumwona akitoka. Basi, habari ikaishia hapo. Hapakuwa na maiti.

Kwa wazee wa kwao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa shina la mgomba. Shina huvishwa nguo za marehemu, mtu wake wa karibu humwita kwa jina mara tatu, na asipoitika, huzikwa shina lile kama mtu. Adolphine alikataa katakata. Alisema hajaona maiti ya mwanawe, kwa hiyo hana wa kuzika. Aliyelisukuma jambo lile mpaka likawa ni Bibiane. Alikuwa amechoka kuwa si mke wala mjane. Alitaka mahali pa kulilia.

Wakamzika Nyangezi, kwenye shamba la ukoo. Walimvisha suti ya kijivu aliyooa nayo, tai nyekundu, na miguuni wakamfungia viatu vyake vyeusi, cha kushoto kisigino kimelika upande. Bibiane akaita mara tatu. Hakuna aliyeitika. Udongo ukamwagwa.

Sasa ndani ya bahasha mlikuwa na kaseti moja, na kijitabu chenye picha ya meli nyeupe, ndefu kuliko mtaa wao mzima.

Abbé Xavier alipoondoka, wanawake wawili wakaiwasha redio ya betri. Kaseti ikakwaruza. Halafu sauti ikatoka, ile ile, yenye mafua kidogo.

"Bibiane, ni miye Polycarpe. Usiogope. Siko muzimu."

Adolphine alishika meza kwa mikono miwili. Sauti ikasimulia kwamba mtoni aliokolewa na wavuvi, akatembea mpaka Kisangani, akashuka Kinshasa, akafika Matadi, na meli ya mizigo ikamficha mpaka Ulaya. Barua mbili aliandika, hazikujibiwa. Posta ya Bukavu wakati ule ilikuwa imekufa zaidi yake. Siku hizi alikuwa akiosha vyombo kwenye meli kubwa ya watalii.

"Desemba bato yetu itafika Mombasa. Banaruhusu tulete bibi zetu, siku saba. Utakuja. Niko nakuambia mambo yote sasa, juu usikuje kushangaa mbele ya batu."

Akaeleza kwa raha, kama alivyokuwa akieleza ramani darasani. Meli ina ghorofa kumi na nne. Unapanda kwa asanseri, lifti ya vioo, unaona watu wakipungua chini yako. Ufunguo hupewi, unapewa kadi, usiipoteze. Chakula kipo tangu alfajiri mpaka usiku wa manane na hakuna anayeuliza nani amekula mara ngapi. Ukirudi chumbani utakuta taulo imekunjwa ikawa tembo, ndiyo heshima yao, usiikunjue kwa hasira. Na juu kabisa wamechimba bwawa la kuogelea.

"Beko juu ya maji," Adolphine aliguna, "na banachimba maji ingine?"

Wakacheka wote wawili, machozi yanawatoka. Kwa dakika chache nyumba ile ilikuwa na furaha kuliko nyumba yoyote ya Bukavu.

"Siku ya kwanza utasikia sirene, king'ora ya bato," sauti iliendelea. "Fupi saba, ndefu moja. Usikimbie, haiko vita. Miye mara ya kwanza niliingia chini ya kitanda, nilizania ni bombe. Ni mazoezi tu. Batu bote banavaa gile ya kuelea, ya rangi ya machungwa, banasimama mulongo, banahesabiwa. Unainua mukono, basi."

Hapo sauti ikashuka. 

"Bibiane, kuna kitu moja. Kila mara banahesabu, mutu moja anakosa. Ni miye. Niko mu mulongo. Ninainua mukono. Banapita."

Adolphine akaacha kupangusa macho.

"Milango ya huku inajifungua yenyewe. Kwa batu bote. Kwangu, hapana. Ninangoja mwingine apite, ninamufuata nyuma.

"Kabini yetu iko chini, haina dirisha. Tukizima taa ninasikia udongo. Unaanguka juu ya plafo, pale juu ya kitanda. Asubuhi ninatema udongo.

"Na ninasikia sauti yako. Unaniita mara tatu. Ninaitika. Husikii. Bibiane, mulinifanya nini?"

Kaseti ikaisha. Nje mtoto wa jirani alikuwa akiimba akitwanga sombe.

"Tulimuzika muzima," Adolphine alinong'ona. Hakusema "ulimuzika". Alisema "tulimuzika", na wema ule ulimchoma Bibiane kuliko tusi.

Kisha mama yule akatoa masharti, maana alikuwa ameyasikia kwa bibi yake. Aliyeita jina ndiye atakayefukua. Shina litolewe na nguo zake zote, liletwe nyumbani, lipitishwe mlango wa nyuma, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuzikwa hapiti mlango wa mbele. Lilazwe kitandani pake, lingoje mpaka mwenyewe arudi.

"Na usimuache njiani," Adolphine alisema. "Unisikie mizuri. Usimuache njiani."

Lakini njia ya Nyangezi ilikuwa imefungwa. Wanamgambo wa Mai-Mai na askari wa waasi walikuwa wakipigana milimani, na kila asubuhi wenye malori walitikisa vichwa. Bibiane alingoja wiki tatu. Kila jioni aliisikiliza kaseti ile. Betri zikichoka, alizianika juani zipate nguvu kidogo. Usingizi ulimkataa. Kila alipofumba macho alimwona mumewe ameinua mkono kwenye mstari, na mtu anayehesabu anampita.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita njia ikafunguka. Aliondoka alfajiri na tonton, yaani mjomba, Stanislas, mdogo wake Adolphine, juu ya lori la kubeba mihogo. Saa mbili asubuhi walikuwa shambani, manyunyu yanawaangukia. Bibiane alishika jembe mwenyewe.

Shina walilikuta kijani. Miaka mitatu ardhini, na lilikuwa kijani kama limekatwa jana. Suti ilikuwa kavu. Mchwa hawakuigusa.

Stanislas alipitisha mkono ndani ya koti ili alinyanyue. Akautoa upesi.

"Iko na moto," alisema. "Kama mutu."

Wakalifunga kwenye mkeka, wakaliweka juu ya kipoyi, ile machela ya miti ya kubebea wagonjwa, wakaanza kurudi kwa miguu. Lori lilikuwa limeshateremka Kamanyola. Stanislas alikuwa mbele, Bibiane nyuma, upande wa viatu. Waliokutana nao njiani waliwapa pole ya mgonjwa. Bibiane aliitikia asante, na moyoni alisema ni kweli, ni mgonjwa, na tunampeleka nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile alihisi pumzi inashuka mpaka tumboni.

Kisha wakafika kwenye daraja la miti, na ng'ambo ya daraja palikuwa na kizuizi.

Asubuhi hakikuwapo. Askari wanne, kamba imekatiza njia, na watu wamepangwa mizigo yao imefunguliwa chini. Juzi yake, barabara ile ile, kijana mmoja alikutwa na hirizi mfukoni, wakasema ni dawa ya Mai-Mai, wakampiga risasi hapo hapo. Sasa je, mgomba uliovaa suti na tai?

"Bakifungua hii mukeka, banatuua bote," Stanislas alinong'ona. "Bibiane. Achilia."

"Hapana, tonton."

"Moja anatuangalia. Achilia!"

Maji yalikuwa chini yao, ya kahawia, yanakwenda kasi kuutafuta mto Ruzizi. Askari mmoja alikuwa ameanza kuja. Bibiane alifikiri atasema nini. Aliogopa kufa, basi, hakuna zaidi ya hilo.

Akaachilia.

Mkeka ulifunguka ulipogonga maji. Mgomba huelea, kila mtoto wa Bukavu anajua, ndio wanaojifunzia kuogelea ziwani. Ule haukuelea. Ulisimama wima. Maji yalifika kwenye tai. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umeinuka juu.

Ulikaa hivyo. Kisha ukazama.

Askari alipofika aliuliza walitupa nini. Stanislas akasema matandiko ya maiti wa kipindupindu, na askari akarudi nyuma akiziba pua, akawapungia wapite. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Walipita bila kuguswa, na kila hatua Bibiane alitamani wangemgusa.

Nyumbani Adolphine alikuwa amefungua mlango wa nyuma na kutandika kitanda shuka safi. Alimtazama mkwewe, akatazama mikono yake mitupu.

"Nilimuacha njiani, maman," Bibiane alisema.

Mzee hakulia wala hakugomba. Aliinuka, akaufunga mlango wa nyuma, akaenda kulala mchana kweupe.

Barua ilikuja mwezi wa nane, kwa mkono wa Abbé Xavier tena. Aliyeiandika aliitwa Nathanaël, Mkongo mwenzake Polycarpe aliyelala naye kabini moja. Bibiane aliisoma kwa sauti, kwa sababu Adolphine alitaka kusikia kila neno.

Nathanaël aliandika kwamba meli yao ilikuwa katika bahari ya Mediterania, Jumamosi, mwezi wa sita, yapata saa nne asubuhi. Sirene ililia, fupi saba na ndefu moja, wakapanga mstari. Polycarpe alichelewa. Alipokuja hakuwa na sare ya jikoni. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai nyekundu, mabegani pana udongo. Nathanaël hakuwahi kuiona suti ile kabini. Polycarpe alisimama mahali pake, akainua mkono. Akapitwa. Nathanaël akageuka mara moja tu, na alipotazama tena nafasi ilikuwa tupu. Akakimbilia ukingoni. Polycarpe alikuwa chini kwenye maji, amesimama wima, mkono umeinuka.

Nathanaël alipiga kelele. Wakubwa wakaamuru watu wahesabiwe upya.

"Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hesabu kutimia," aliandika. "Waliniambia, tuko wote, hakuna aliyekosa. Niliwatajia jina lake. Walitafuta kwenye orodha hawakuliona. Meli haikusimama, maman. Nisamehe."

Bibiane aliikunja barua. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga kwa mikono yake mwenyewe, mara mbili.

Majirani walishauri ifanyike matanga, ya kweli sasa. Wakaleta viti na unga. Adolphine akawarudishia vyote.

"Hatumuziki tena," alisema. "Mara moja ilitosha."

Asubuhi yake Bibiane alitoka uani kuchota maji. Kwenye saruji ya mlango wa nyuma palikuwa na nyayo za viatu, zimeloa. Mvua haikuwa imenyesha siku tisa. Zilianza katikati ya ua, zikaja mpaka mlangoni, zikaishia hapo, ncha zikiwa zimegusa ubao. Za kurudi hazikuwapo. Aliyesimama pale alisimama muda mrefu, kwani maji yalikuwa yamejaa dimbwi dogo kizingitini. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande.

Bibiane alikumbuka milango inayojifungua kwa watu wote. Akaketi chini, akalia kwa sauti, na hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kulilia.

Tangu siku ile mlango wa nyuma wa nyumba ile haufungwi. Wamepita askari wa kila rangi, wamepita wezi, na mlango uko wazi, kitanda kimetandikwa. Adolphine amekwisha kufariki. Bibiane amezeeka pale pale.

Nyayo bado huja mpaka kizingitini kila usiku. Hukauka kabla jua halijapanda, na zikikauka huacha unga mweupe. Yeye haufagii. Mbuzi wa jirani wameshaijua njia. Kila asubuhi huingia uani wakakilamba kizingiti kile, taratibu, mpaka chumvi iishe.