Pasipoti ya Tryphena

Jumamosi, saa nane mchana, Sajini Mutindi wa upelelezi alisimama katika chumba cha Tryphena, hapo Voi, akiangalia sanduku lililoachwa wazi kitandani. Bahasha ya dola ilikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni pasipoti yenye viza ya Kanada, na ndege ilikuwa ya kesho yake.

"Uliiona wapi mara ya mwisho?"

"Asubuhi, afande. Niliitoa kwenye mkoba nikaifunga ndani ya sweta, nikaisukuma chini kabisa. Nilikuwa peke yangu, na sijamwambia mtu."

"Basi hata sasa usimwambie mtu ulikuwa umeificha wapi."

Dirisha lilikuwa na vyuma na mlango haukuvunjwa. Waliokuja tangu asubuhi ni jamaa na majirani tu, waliofika kumwombea safari njema. Mutindi akaitazama tena ile bahasha. Aliyeziacha dola hakuja kutafuta pesa. Alitaka msichana asisafiri.

Sebuleni, macho ya wengi yalikuwa kwa Obadiah, kaka mkubwa. Ada ya digrii ya pili kwa mwanafunzi wa kigeni ilikuwa mara tatu ya ile wanayolipa wenyeji wa kule, na baba yao, Mzee Mwakio, alikuwa anauza shamba la Chawia ili ailipe. Mnunuzi alishatoa arbuni. Mzee alisema atatia sahihi Jumatatu, mwanawe akishaondoka.

"Nilipinga, sikatai," Obadiah alisema. "Wanangu watalima wapi? Lakini leo nimeshinda Maungu nikiuza mbuzi. Nimefika watu wakila."

Mutindi alimpigia simu mnunuzi wa mbuzi, akathibitisha. Kisha akamwuliza jirani, Bi Mwanaesha, aliyekuwa akipakua wali uani.

"Huyu alikuja, akanawa, akaketi papa hapa," alisema Bi Mwanaesha. "Ndani hakutia mguu mpaka wewe ulipofika. Mwanamume wa watu msimwonee."

Kati ya jamaa wa nyumba hiyo akabaki Valentine, binti ya marehemu dada yake Mzee. Alirudi kutoka Kanada mwaka uliopita, na kila mzazi mtaani alimtaja kama mfano wa msomi. Ndiye aliyemtia Mzee moyo wa kuuza. Mutindi alimhoji kwenye baraza.

"Kabla ya chakula ulikuwa wapi?"

"Jikoni, nikisaidia."

"Unamshuku nani?"

"Sipendi kusema, afande, lakini Obadiah ana hasira na shamba. Na mtu wa kukunjua sweta mpaka afikie pasipoti, huyo alijua anachotafuta."

Mutindi alimwomba waingie ndani, akafunga mlango, wakabaki na Mzee na watoto wake wawili.

"Tryphena, pasipoti ilikuwa ndani ya nini? Umemwambia nani?"

"Ndani ya sweta. Nimekuambia wewe tu."

"Valentine, wewe umejuaje?"

Valentine aliutazama mlango uliofungwa. Kisha akatoa pasipoti kwenye mkoba wake na kuiweka mezani.

"Wewe?" Mzee alisema. "Si wewe uliyeniambia niuze?"

"Uliniuliza mbele ya kanisa zima, mjomba. Ningesema nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sina digrii. Mama aliuza shamba la Mraru, likalipa mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili ada ikapanda. Nikaosha vyombo mchana, nikapanga mizigo usiku, haikutosha. Chuo kikanifuta. Nilibaki kule nikidanganya kwa simu kwamba nasoma, na Mama akafa kwenye chumba cha kupanga akiwaambia watu mtoto wake ni msomi. Nilidhani ndege ikimwacha Tryphena, utaahirisha kutia sahihi."

"Na mimi ningefungwa," Obadiah alisema.

Valentine aliinamisha kichwa.

"Huu ni wizi," Mutindi alimwambia Tryphena. "Ukitaka, naenda naye kituoni."

Tryphena alikuwa ameishika pasipoti kwa mikono miwili. "Shamba letu lingelipa mpaka lini?"

"Mwaka mmoja," alisema Valentine. "Labda na miezi michache."

Mzee alikuwa ameshatoa simu. Alimwambia mnunuzi asije Jumatatu, na kwamba arbuni yake atarudishiwa. Alipokata, Tryphena alikuwa anamtazama.

"Hujaniuliza, Baba. Hata ulipoanza kuuza hukuniuliza."

Mzee aliiweka simu mezani. "Basi nakuuliza sasa."

"Nataka kwenda. Nataka sana. Lakini si kwa shamba hilo. Nitawaandikia waniwekee nafasi mwaka mmoja, nitafute ufadhili. Nikiukosa, nimekosa. Afande, simshtaki. Ila Jumapili atasimama kanisani awaambie watu alichotuambia."

Valentine aliitikia kwa kichwa, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Mutindi alipotokea uani, wageni walikuwa bado wamekaa, bila kujua kilichoamuliwa ndani, na mmoja wao akamwuliza kama wanaweza kuendelea na maombi ya safari.