Kizimahamu cha Doa

Doa alitoka mbio kama jiwe la manati. Kuku mwekundu alikuwa anachakura kando ya karo, hana habari. Mbwa akavuka ua, akanyoosha shingo, meno nje; halafu, hatua chache kabla ya kumfikia, akasimama. Akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha akaketi. Kuku akaendelea kuchakura.

"Ama kweli!" alisema Bi Namsifu, akipiga makofi. "Mama Nakundwa, umemfanyia uchawi gani?"

"Si uchawi, mama. Ni kizimahamu."

Nyemo alimwonyesha mama mkwe wake kidude chenyewe, kidogo kama kifungo cha shati, kilichonasa nyuma ya sikio la mbwa. Kama vile kizimamoto kinavyowahi cheche kabla nyumba haijashika, ndivyo kizimahamu kilivyowahi hamu. Kilisoma umeme wa ubongo, kikaitambua tamaa ya kukimbiza pale inapozaliwa, na kuituliza kabla haijafika miguuni. Mbwa hakuumia wala hakuogopa. Alikuwa tu hataki tena.

Nyemo alikuwa mhandisi wa ubongo katika maabara moja ya Dodoma, mji ambao siku hizo ulikuwa na treni za chini ya ardhi hadi Kondoa, na maroboti ya kufagia yaliyozunguka mitaani tangu alfajiri. Lakini kuku walikuwa bado kuku. Bi Namsifu alipohamia kwa mwanawe alikuja nao kutoka Same, akaapa kwamba hali mayai ya kiwandani. Wiki ile ile Doa aliua wawili. Ikawa ama mbwa aondoke ama kuku waondoke, na Nakundwa, aliyekuwa ameanza shule mwaka huo, alilia kwa ajili ya mbwa wake mpaka akapata homa. Basi Nyemo akaingia maabara.

Kwa muda nyumba ilitulia. Kisha siku moja Nakundwa alirudi kutoka shule, akafungua geti na kuita, "Doa!" Mbwa alimtazama bila kuinua kichwa. Mkia haukutikisika. Kuku mmoja alikuwa amesimama mgongoni mwake, naye amemwacha.

"Mama, Doa anaumwa?"

Nyemo alichukua kishikwambi, akafungua mchoro wa ubongo wa mbwa. Hakukuwa na ugonjwa wowote. Mstari ulikwenda sawa, bila mlima wala bonde. Akarudi nyuma, akatazama michoro ya zamani, na hapo akaelewa: njia iliyompeleka Doa kwa kuku ndiyo hiyo hiyo iliyompeleka getini kumpokea mtoto. Kuzima hamu moja ni kuzima zote.

Akabaki na kishikwambi mkononi. Mstari ule aliufahamu. Aliupokea kila Jumatatu, na kila Jumatatu alimshukuru Mungu. Ulikuwa wa mumewe.

Lukindo alikuwa mwokoaji katika mahandaki ya treni. Handaki lilipoporomoka, Nakundwa akiwa bado ananyonya, Lukindo alitolewa hai, wenzake watatu hawakutolewa. Baada ya hapo kishindo chochote kilimgeuza: alivunja milango, alipiga kelele, na mara moja alirusha kiti kikapita juu ya kitanda cha mtoto. Nyemo ndiye aliyebuni kitulizo, kifaa cha kwanza kabisa cha aina yake, akakiweka nyuma ya sikio la mumewe. Tangu siku hiyo Lukindo hakuvunja kitu. Alikwenda kazini ofisini, akarudi, akala alichopewa. Watu walimsifu kwa upole.

Nyemo alikwenda uani. Alimvua Doa kizimahamu, akatafuta kamba.

Wakaanza upya, kwa mikono. Kila asubuhi alimtembeza mbwa mpaka achoke kwanza, kisha akamkalisha mbali na banda, kamba imeshikwa, vipande vya maini mfukoni. Doa alipokodolea kuku macho, alimwambia, "Acha." Alipogeuza uso kumtazama yeye, alipata ini. Basi. Siku inayofuata, hivyo hivyo, wakisogea kidogo. Wakati mwingine mbwa aliruka na kubweka mpaka kuku wakapanda juu ya banda, na mafunzo yakarudi nyuma kabisa yalikoanzia.

"Kidude kilikuwa rahisi," alinung'unika Bi Namsifu.

"Kilikuwa rahisi, mama. Lakini hakikumfunza chochote."

Maendeleo yalionekana, na pengine ndiyo yaliyowaponza. Jioni moja mlango wa banda haukufungwa vizuri, na kamba ililegea. Walipofika, kuku mwekundu alikuwa ameshakufa. Nakundwa aliketi chini, akalia kwa kwikwi. Lukindo akamchukua kuku, akachemsha maji, akaanza kumnyonyoa, uso wake mtulivu kama wa mtu anayemenya ndizi.

Nyemo alipoingia jikoni, alimkuta mumewe ameacha kunyonyoa.

"Mama Nakundwa, mtoto bado analia?"

"Bado."

"Namsikia. Najua napaswa kwenda." Alitazama manyoya yaliyoshika vidoleni. "Lakini hakuna kinachonisukuma. Kile kitu ulichomvua mbwa... mimi utanivua lini?"

"Baba Nakundwa, unakumbuka ulivyokuwa?"

"Nakumbuka. Ninaogopa kwa akili tu, si kwa moyo. Hata hofu ya moyo naitaka."

Hawakukesha wakijadili; Nyemo alijua jibu, alichokosa ni ujasiri. Asubuhi walikwenda kwa daktari, naye akakubali kitulizo kipunguzwe nguvu taratibu, na mazungumzo ya tiba kila wiki. Nyemo alibaki na kitufe kwenye kishikwambi cha kukirudishia nguvu ikilazimu.

Kwa majuma mengi hakuna kilichobadilika. Halafu, Jumamosi moja wakiwa mezani, mfuniko wa sufuria ulianguka sakafuni. Lukindo aliruka. Sahani ikagonga ukuta. "Tokeni! Tokeni nje wote!" Bi Namsifu akambeba mjukuu wake mpaka chumbani. Lukindo mwenyewe ndiye aliyetoka, akachuchumaa uani, mikono kichwani.

Nyemo alimfuata na kishikwambi, kidole juu ya kitufe.

"Usibonyeze," alisema bila kugeuka. "Tafadhali. Usibonyeze, na usiondoke."

Nyemo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akakiweka kishikwambi chini, akaketi juu ya mchanga, si karibu sana. Doa, kamba shingoni, aliwatazama kwa zamu.

Lukindo alianza kutaja majina ya wale watatu wa handakini. Kiangi. Mshana. Sangali. Hakuwa ameyatamka tangu kitulizo kiwekwe. Alilia akimtaja kila mmoja, na alipofika kwa wa mwisho akakwama.

"Sangali alikuwa anaimba," alisema. "Anaimba vibaya, mke wangu. Vibaya! Mle handakini hakuna pa kukimbilia, na yeye ndiyo anapandisha sauti." Machozi yakimtiririka, akacheka, kicheko kizito, kilichokwaruza, kikapanda mpaka dirishani.

Ndani, Nakundwa aliinua kichwa kutoka begani kwa bibi yake, akasikiliza.

"Bibi," aliuliza, "nani huyo anacheka?"