Mikono Miwili ya Kushoto

"Jamani, hili gauni lina mikono miwili ya kushoto!"

Mwenye duka aliliinua juu. Mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi wa cherehani ya dirishani hakucheka. Gauni alilikata yeye.

"Dada, ukirudia tena, tutaagana," mwenye duka akasema.

Jioni, nyumbani, sufuria liliungua. Mumewe akauliza, "Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

Kweli, mwili ulikuwepo. Mawazo ndiyo yaliyokuwa yameondoka. Akakaa chini akalia. "Sifai kitu. Nitafukuzwa, na kosa ni langu."

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa amekuja kuwasalimu. Ni nesi.

"Wifi, kaka yako naye ana tatizo hili hili la umakini."

"Wapi! Kaka utotoni alipanda mapaa na kuvunja viti, ndiyo maana akapelekwa hospitali. Mimi nilikaa kimya."

"Ndiyo hapo! Yeye alisumbua watu, akaonekana. Wewe ulisumbuka peke yako. Nani angekuona?"

Wifi akaeleza polepole. "Ni hali ya ubongo, mtu huzaliwa nayo. Wanaume wengi huhangaika kwa nje. Wanawake wengi huhangaika ndani. Mawazo huzurura, wanasahau, wanajilaumu, wanaficha. Si wote, lakini wengi. Ndiyo maana huchelewa kugunduliwa. Mimi siwezi kukupima. Twende kwa daktari."

Daktari alimuuliza mengi. Akamuuliza na mama yake kuhusu utoto wake.

"Alikuwa mtulivu," mama akajibu. "Ila mzembe. Nilimchapa sana."

"Hakuwa mzembe, mama," daktari akasema. "Ana tatizo la umakini tangu utotoni. Alihitaji msaada."

Mama akainamisha kichwa.

Fundi alipewa dawa, akafundishwa na mbinu. Siku hizi meza yake ina kitambaa kimoja tu. Akikata mkono, anauandika kwa chaki papo hapo: kulia, kushoto. Bado husahau mengine. Lakini gauni lililofuata lilimkaa mteja vizuri sana.

"Ehee! Umeacha uvivu!" mwenye duka akasema.

"Sikuwa mvivu," fundi akajibu. "Nilikuwa na tatizo la umakini, na sikujua."

Alibaki na kazi yake. Alifurahi, lakini uchungu ulizidi furaha. Jioni mama alimshika mikono.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuchapa bure."

"Mama, hata mimi nilijichapa. Miaka arobaini."