Utalipa Siku ya Kupunguza

Mwaka ulikuwa 2016, na hali ya hewa ilikuwa joto zito lisilo na upepo. Mawingu yalitanda kila alasiri, kisha yakatawanyika bila kudondosha tone. Nalitaja joto kwa sababu ndilo lililoanzisha jambo hili: maji ya tangi langu la samaki yaligeuka kijani.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Tangi lile la kioo nilijinunulia wiki niliyokabidhi ofisi, nikaliweka sebuleni, mkabala na cherehani ya mke wangu. Yeye ni fundi nguo tangu usichana wake. Hakulipenda tangi hata kidogo.

"Bwana Vipimo," aliniambia jioni ile, akikata uzi kwa meno, "maji yako yamekuwa uji wa majani. Samaki wako sasa wanatembea kwa kupapasa."

"Ni mwanga umezidi. Nakwenda kutafuta mimea ya kuelea. Ikifunika nusu ya uso wa maji, huo ukijani utakosa mwanga, utakufa."

"Na ukirudi pitia dawa yangu ya kifua. Au mpaka niote mapezi ndipo unikumbuke?"

Nilitoka nikicheka. Jua lilikuwa linazama.

Mwenye duka la samaki, ambaye kwa masharubu yake wateja tulimwita Kambale, alikuwa amekwisha kufunga. Lakini mlangoni pake alikaa mwanamke juu ya kigoda, beseni linalovuja maji mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Alinuka tope. Tope, na mafuta ya nywele.

"Umefuata mmea," alisema. Hakuniuliza.

"Ndiyo, mama. Wa kuelea. Nipatie kama kumi."

"Mkeo yupo?"

Swali lilinishangaza, lakini adabu ilinilazimu kujibu. "Yupo. Mwaka huu tunatimiza miaka arobaini tangu tujuane."

Alitia mkono ndani ya beseni, akatoa mmea mmoja. Majani yake yalikuwa ya duara, mazito, yenye manyoya laini. Chini yake mizizi ilining'inia... myeusi, mirefu, iliyonyooka kama nywele zilizotoka kuchanwa.

"Huu utatosha."

"Bei gani?"

"Utalipa siku ya kupunguza."

Niliinama kuutia mfukoni. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu. Nilitazama sakafu pale alipoketi na beseni lake linalovuja.

Ilikuwa kavu.

Nyumbani niliutunza kama inavyotakiwa. Nilipunguza nguvu ya pampu, maana mimea hii hutaka maji yaliyotulia, na kifuniko nikakiacha wazi kidogo ili matone ya mvuke yasiozeshe majani. Asubuhi yake mmea mama ulikuwa umetoa mtoto, wameunganishwa kwa kikonyo chembamba.

Mke wangu alisimamisha cherehani. "Unaikumbuka ile suruali ya kahawia?"

"Ipi?"

"Uliyoniletea niitie kiraka, kabla hatujaoana. Kiraka kimoja, mwenzangu, ukakifuata mara nne."

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Yeye aliniambia hata rangi ya uzi. "Nimeiona asubuhi hii," alisema, "utadhani imeelea mbele yangu." Kisha akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka kutoka kilindini.

Mimea iliongezeka, na simulizi ziliongezeka, kwa mpangilio, za zamani zikitangulia. Chumba chetu cha kwanza cha kupanga, bati linalovuja, sufuria tuliyoiweka chini ya tone. Kuzaliwa kwa binti yetu, ambaye sasa anaishi mji mwingine. "Baba," binti alinipigia simu akicheka, "mama amenisimulia siku niliyozaliwa mpaka nimeona aibu." Nilifurahi. Katika umri wetu, mtu huogopa kusahau. Mke wangu alikuwa anakumbuka.

Lakini kila simulizi ilimwacha na pumzi fupi zaidi. Daktari alimsikiliza kifua, akampiga picha, hakuona kitu. Na sebuleni, kila magharibi, nilianza kusikia sauti.

Fyo... fyo... fyo...

Sauti ya mtu anayenyonya kinywaji taratibu. Nilizima pampu. Haikukoma. Nilisogeza uso kwenye kioo, nikasikia harufu ya mafuta ya nywele ya mke wangu, na mizizi yote, katika maji yaliyotulia tuli, ikageuka kunielekea.

"Nimeota niko chini ya maji," alininong'oneza siku moja, akiwa hawezi tena kukaa kwenye cherehani. "Juu naiona taa. Kuna vitu vya duara vinakuja, vinaifunika."

"Vingapi?"

"Wewe na kuhesabu kwako." Alifumba macho. "Viondoe tu, baba watoto."

Mimea ilikuwa inajizidisha maradufu kila siku. Siku ile ilikuwa imefunika nusu ya maji. Mtu asiyezoea hesabu angesema bado nusu nzima imebaki. Mimi nilijua maana yake ni kesho.

Na kesho yake, jua lilipotua, maji hayakuonekana. Samaki walikuwa wamejipanga chini ya majani, midomo juu, wakitafuta hewa. Wanafungua, wanafunga. Wanafungua, wanafunga. Kutoka chumbani nilimsikia mke wangu akihema.

Kwa mapigo yale yale.

Nilimpigia simu Kambale.

"Mzee, hapo huna muda," alisema. "Punguza. Majani makubwa yameshazeeka, hayo ndiyo yanayooza, yatoe yote. Bakiza kachanga kamoja ka mbegu. Na usimwage mferejini, yatakwenda kuziba mto. Choma."

"Huyu mama anayeuza mimea mlangoni kwako..."

"Mlangoni kwangu hauzi mtu, mzee."

Sikuwa na nafasi ya kubishana. Ushauri ule ulikuwa sahihi. Mfugaji yeyote makini angenipa huo huo. Nilichukua mkasi wa mke wangu, nikaanza na mmea mama. Nilikata kikonyo, nikautupa ndooni.

Kule chumbani alivuta pumzi ndefu. Ya kwanza kwa siku nyingi.

Machozi yalinitoka kwa furaha. Nilikata mwingine, akapumua tena. Nikaendelea, mikubwa kwanza, nikihesabu kwa mazoea ya kazi, hadi ndoo ikajaa na juu ya maji kukabaki kimea kimoja, kichanga kuliko vyote, kama kifungo cha shati. Nilitoka uani, nikamwagia ndoo mafuta ya taa, nikawasha.

Moshi wa kwanza ulinuka nywele zinazoungua. Nililitarajia hilo.

Kisha ukanuka mafuta ya cherehani.

Kisha mvua. Mvua juu ya bati lenye kutu, ingawa mbingu zilikuwa kavu.

Kisha poda ya mtoto mchanga.

Hapo ndipo nilipoelewa. Niliingiza mikono yote miwili motoni. Makovu ninayo mpaka leo. Sikuambulia ila majivu.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, anapumua vizuri, uso umenawiri. Aliponiona alijifunika shuka hadi kidevuni, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, mzee."

Nilificha mikono yangu iliyoungua nyuma ya mgongo.

"Wewe si ndiye mzee mwenye samaki? Nakukumbuka. Ulikwenda kuninunulia dawa." Alitazama chumba, mapazia aliyoshona mwenyewe, picha ya harusi ukutani. "Samahani kwa usumbufu. Kukipambazuka nitarudi kwetu, mama atakuwa ananitafuta."

Mama yake tulimzika pamoja.

Binti yetu alikuja siku ya pili. Mama yake alimkaribisha vizuri, akamwita dada, akamsifia mshono wa gauni. Binti alikwenda kulia uani, karibu na lile jivu. Mke wangu hana pa kurudi, kwa hiyo amebaki. Analala chumba cha wageni na hufunga mlango kwa ufunguo. Mchana hushona, ufundi ule alikuja nao kabla yangu, haukuguswa.

Nilimwendea Kambale kumuuliza zaidi.

"Kuna mwenzako alikuja zamani. Alikuwa na majivu kwenye kopo. Akaniuliza kama mmea uliochomwa unaweza kuchipua. Nilimcheka, mzee. Mungu anisamehe, nilimcheka."

"Ni nani?"

"Simjui. Nakumbuka mkono tu, ulioshika kopo. Haukuwa na kidole gumba."

Kile kimea kichanga sikukitupa, kwa sababu ndicho kinachomfanya anijue hata kama mzee mwenye samaki. Nimekitunza peke yake. Juzi kimetoa kikonyo, na mwisho wa kikonyo kuna mtoto.

Leo asubuhi mke wangu alisimamisha cherehani, akashika ukingo wa meza, akavuta pumzi kwa nguvu. Nilidhani ni ile suruali ya kahawia.

"Nimemkumbuka mume wangu," alisema, akitabasamu. "Tuliishi kwenye nyumba yenye dirisha la buluu. Maskini, alikuwa hana kidole gumba."

Mkasi uko mezani, kando ya tangi. Sijaugusa. Jua linazama, na sebuleni nasikia... fyo... fyo...

Gharama kamili, kwa hesabu ya mimea ya ndoo ile niliyoichoma kwa mikono yangu, mmea mmoja kwa mwaka mmoja: miaka thelathini na tisa.