Sura ya Daktari

"Sindano, nguo imechanika."

"Nishone au nichane?"

"Shona. Namtaka mzima." Mkuu wake wa kikosi cha upelelezi akakata simu.

Sindano aliirudisha Nokia mfukoni huku akisonya. Ni rahisi kutoa amri kama hiyo wakati aliyezikwa si mdogo wako.

Mbele yake ilikuwa kompyuta ya marehemu mdogo wake, mchora katuni. Binti yule alikuwa anatengeneza filamu ya kuwaumbua wauza silaha wa magendo. Fundi mmoja mcheshi, aliyejiita Daktari, akamwekea programu ya kuchorea bila malipo. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya programu mlikuwa na jicho la kijasusi, na kila mchoro ukawafikia wauza silaha. Kabla hajampa mhalifu wa filamu yake sura, breki za gari lake zikakatwa.

Sasa mumewe, mchoraji pia, alitaka kuimalizia filamu. Daktari akijua tu, kaburi la pili litachimbwa.

"Unafuta kila kitu, shemeji?" aliuliza mwanamume yule.

"Michoro iko salama. Nafuta jicho."

Akachomeka flashi, akawasha mashine upya. Diski ikafutwa. Ikaingia Ubuntu Studio, mfumo huria ambao yeyote anaweza kuupekua mpaka utumbo. Krita ya kuchorea. Blender ya kuzipa katuni uhai. Ardour ya sauti.

Kibao cha kuchorea kikagoma. Ukikigusa kidogo tu kwa kalamu, mstari unatoka mnene kama kamba. Sindano akapunguza, akaongeza, akapunguza tena, mpaka mstari ukawa mwembamba kama wa marehemu. Shemeji akageukia ukutani, akalia.

Mfumo ule ulikuwa na uungwana mmoja: unavaa sura yoyote utakayo. Sindano akauvisha sura ya ule wa zamani. Picha ile ile ya paka, alama zile zile, mahali pale pale.

Hata chai haijapoa, simu ya shemeji ikalia.

"Bwana, mashine inaumwa? Nakuja mwenyewe."

Ndiyo tabia ya Daktari. Jicho likizimika, huja mwenyewe, maana hamwachii mtu mwingine wagonjwa wake, yaani kompyuta alizozitegea. Ufunguo wa macho yote aliyopandikiza mjini aliuvaa shingoni, ndani ya flashi.

Sindano akajibanza nyuma ya pazia la chumba cha kurekodia, Beretta mkononi.

Daktari aliingia akipiga mluzi. Akamwona paka kwenye skrini, akaketi kama aliye kwake.

"Kirusi tu hiki. Mkeo, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi sana." Akachomeka flashi.

Hakuna kilichofunguka.

Siku zote programu yake hufunguka yenyewe bila hodi. Leo skrini ilimwomba nywila.

Kidole kikamganda hewani.

"Ufunguo tumeunakili kupitia mashine hiyo," sauti ya Mkuu ilisema kwenye kifaa kidogo sikioni mwa Sindano. "Macho yote yamefumbwa."

Pazia likafunguka. Daktari akachomoa bastola. Beretta ikakohoa mara moja, kiganja kikatoboka, bastola ikaangukia chini ya meza.

"Mbishi, eti?" Sindano akamwekea mtutu kwenye paji la uso. Tuseme ukweli: alitaka kumuua. Alilitaka jambo hilo kuliko usingizi.

"Sindano! Mzima!" Mkuu alifoka.

"Usimfanyie hisani hiyo, shemeji," alisema mgane yule taratibu. "Mfunge pingu. Mkalishe kwenye mwanga."

Akafungwa, akakalishwa. Shemeji akafungua Krita, akamleta mhalifu asiye na sura. Akaishika kalamu ya mkewe.

"Tulia. Usitikisike."

Akachora pua. Akachora pengo la meno. Akachora kovu juu ya nyusi. Daktari akajiona akizaliwa kwenye skrini, mstari kwa mstari.

"Filamu ikiisha inarushwa," Sindano alisema. "Mabosi wako nao wana televisheni."

Daktari alijua wanachomfanyia mtu aliyeumbuka. Popote atakapofichwa, watamtafuta.

"Niue," akanong'ona. "Dada, nakuomba."

"Nimeagizwa mzima."

Vijana wa Mkuu walikuwa wamefika mlangoni. Sindano akawapisha, akairudisha Beretta ndani ya koti.

"Shemeji, hiyo kalamu usiirekebishe tena. Iko kama alivyoipenda."

Akashuka ngazi polepole, akipiga mluzi ule ule aliokuja nao Daktari.