Boriti Iliyosingiziwa Kuoza

"Baba Maicha, boriti ya jikoni imeoza au haijaoza?"

Nilikuwa nimesimama juu ya benchi, misumari minne mdomoni, napigilia fremu ya dirisha la ghorofa ya kwanza. Mke wangu Sunmaya alikuwa mlangoni, mtoto kiunoni, simu yangu mkononi. Alivyoishika ile simu, kwa vidole viwili na mbali na mwili, nilijua hakuja kuniuliza saa.

Nikatoa misumari mdomoni. "Imeoza. Si ulimsikia fundi Tulsi mwenyewe?"

"Nilimsikia. Sasa msikilize na wewe." Akasoma kwa sauti: "Gokul mwanangu, ile boriti uliyoniambia niseme imeoza ninayo hapa karakana, inanitazama. Ni nzima kuliko mimi. Niirudishe, au nifanyeje? Nafsi inanisuta."

Maicha, binti yetu wa miezi mitano kasoro wiki moja, akacheka. Ni yeye peke yake aliyecheka.

Ngoja nieleze kosa langu kabla sijahukumiwa.

Nyumba yetu hapa Bhaktapur ni ya matofali na udongo, nyembamba, imepandishwa juu ghorofa kwa ghorofa. Aliijenga babu wa babu yangu. Tetemeko lilipokuja halikuiangusha, ila liliutoa tumbo ukuta wa nyuma, na kwa miaka mingi tuliuegemeza kwa magogo tukajifanya hatuuoni. Sunmaya aliposhika mimba nikaapa kwamba mtoto wangu hatazaliwa chini ya magogo. Akazaliwa chini ya magogo hayo hayo, na nepi zake tukazianika humo humo.

Mimi ni fundi pikipiki, siku yangu ya mapumziko ni Jumamosi tu. Kwa hiyo nyumba yetu inatengenezwa Jumamosi kwa Jumamosi: leo mlango, wiki ijayo ngazi, mwezi ujao tukijaliwa ukuta. Matofali ya zamani tunayasugua moja moja na kuyarudisha. Mtoto amezoea kelele kiasi kwamba randa ikinyamaza anaamka. Kuna siku nimeranda ubao usiohitaji kurandwa, saa nzima, ili mama yake apate usingizi. Hayo ndiyo maisha yetu, vumbi kwenye uji na uji kwenye vumbi, na mimi nilikuwa mtu wa raha.

Shida ilikuwa juu.

Sisi Wanewari jikoni kwetu ni juu kabisa, chini ya paa, pembeni ya chumba cha mungu wa ukoo. Hapandi kila mtu. Sunmaya ni Mtamang wa milimani, si wa kabila letu. Tulipendana, tukaoana kwa ubishi, na Mama akampokea mlangoni kwa mikono miwili. Kumpenda, anampenda. Alipojifungua, Mama ndiye aliyemkanda kwa mafuta ya haradali asubuhi na jioni, na akimkuta amejifunika vibaya anamgombeza kama bintiye. Lakini ngazi ile ya mwisho, hapana. Wala wali uliochemshwa na Sunmaya, Mama alikuwa hajaula hata punje. Pepeta, ule mchele wa kupondwa unaoliwa bila kuchemshwa, aliupokea mkononi mwake kila siku na kumshukuru. Mpaka wenyewe ulikuwa kwenye wali. Tulikuwa na majiko mawili, la gesi chini na la udongo juu, na mimi katikati nakula kotekote na kunenepa.

Miaka mitatu Sunmaya hakusema neno. Kisha akaja Maicha. Kila asubuhi Mama alimbeba mjukuu wake akapanda naye jikoni, na Sunmaya akabaki chini ya ngazi akimsikiliza mwanawe anavyocheka huko juu. Siku moja akaniambia taratibu, huku anakunja nepi:

"Siku atakayolishwa wali wa kwanza, akitimiza miezi mitano, ukoo mzima utakuwa juu. Mimi mama yake nitakuwa wapi?"

Jibu langu lilikuwa ujinga.

Nikamfuata fundi Tulsi, mzee aliyetutengenezea ngazi, nikamwomba aje aitazame boriti kuu ya jikoni na atikise kichwa. Akatikisa. Jumamosi ile ile tukaitoa, tukabomoa jiko la udongo lililokuwa chini yake, tukafunika paa kwa turubai. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Mama hana jiko, njaa haina ukoo, atakula wali wa Sunmaya. Akishaula wa chini, atamkataza vipi kupanda juu?

Mama hakubisha hata kidogo. Alihamishia mkeka wake dirishani, ghorofa ya pili, akawa anakula pepeta na maziwa ya mgando. Siku ya kwanza, ya tatu, ya saba. Shangazi Ganga, dada wa marehemu baba, akapiga simu kuniuliza kama ni kweli wifi yake hana jiko.

"Ni kweli, shangazi."

"Na wali wa mkeo hajala?"

"Anakula pepeta."

"Hapo sawa," akasema, akakata.

Siku ya kumi na nne mashavu ya Mama yalikuwa yamebonyea, na mimi nilikuwa naogopa kumtazama. Ndipo ikaja ile meseji ya fundi Tulsi.

"Nilifanya kwa ajili yako," nikamwambia Sunmaya.

"Kwa ajili yangu umemtoa mama yako jikoni kwake?"

"Ulisema mwenyewe, siku ya wali utakuwa wapi."

"Nilisema. Sikusema unidanganyie mtu." Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Gokul, nyumba hii niliingia kwa mlango, mchana, watu wanaona. Jikoni nako unataka niingie kwa kutoboa paa?"

Akiniita jina langu hivyo, bila Baba Maicha, ujue nimekwisha.

"Basi tunyamaze," nikamsihi. "Nitairudisha kimya kimya, hatajua."

"Na mimi nitakuwa najua. Nitakaa na yule mama, ananikanda mgongo, mimi nikijua. Nenda ukamwambie. Usipokwenda, naenda mimi."

Nikatafuta nyundo ambayo nilikuwa nimeishika. Sunmaya akageuka, akapanda ngazi na mtoto wake. Nikamfuata, kwa sababu mwanamume anaweza kuwa mwongo lakini si lazima awe mwoga pia.

Mama alikuwa dirishani juani, bakuli la pepeta mapajani, anatafuna upande mmoja. Sunmaya akamkabidhi mtoto, akainama akamgusa miguu, akakaa sakafuni.

"Mama, boriti haikuoza. Jiko lako limebomolewa kwa uongo. Ulikuwa wa mwanao, lakini chanzo ni mimi, nililia kuhusu siku ya wali. Nisamehe. Tutalijenga upya kabla ya siku yenyewe, Jumamosi, na mimi sitakanyaga huko juu mpaka uniite. Usiponiita pia, nitabaki kuwa mkwe wako."

Mama aliendelea kutafuna. Pepeta ina tabia hiyo, huwezi kuimeza kwa haraka hata habari ikiwa kubwa namna gani.

"Boriti ile nimeivutisha moshi miaka arobaini na minne," akasema mwishowe. "Naijua kuliko ninavyomjua huyo aliyesimama hapo na nyundo. Nilijua siku ile ile. Tulsi hawezi kudanganya, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu."

"Sasa kwa nini ulituacha tubomoe?" nikadakia.

"Nani anaongea na wewe?"

Mama akamgeukia Sunmaya.

"Nilisema moyoni, afadhali. Mimi nimetafuta sababu miaka mitatu, mkwe wangu. Nani ataniuliza nikila wali wako na jiko langu limebomoka? Ganga akija nitamwambia, nifanyeje, paa limeoza. Basi nikashuka, nikakaa hapa, nikangoja wali. Siku ya kwanza ukaniletea pepeta. Nikasema, kesho. Kesho, pepeta. Siku kumi na nne, pepeta. Nina meno sita, mwanangu. Sita."

Sunmaya alifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia.

"Mama, niliogopa. Nilijua nikikuletea wali utaona nakulazimisha kwa sababu huna jiko."

"Na mimi niliogopa. Nikiomba, utasema huyu bibi kumbe anatupenda akiwa na njaa."

"Nisingesema."

"Ningesema mimi, ningekuwa wewe." Mama akasukuma bakuli pembeni. "Nenda kapike. Uwe laini. Na dengu, usiziache nzito."

Nilisimama pale na nyundo yangu, mume na mtoto wa kiume wa nyumba ile, na hakuna aliyekuwa na haja nami. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi zaidi.

Mama alikula sahani mbili. Sunmaya alikaa mbele yake akimtazama kila tonge, na aliponyanyuka kwenda kuongeza akapita karibu yangu akaninong'oneza: "Sijakusamehe bado." Lakini mkono wake ulinigusa shingoni alipopita, kwa hiyo nikajua ni suala la muda.

Hata hivyo wali wa chini ulikuwa jambo moja, na ngazi ya juu jambo jingine, na sote tulilijua. Nilifunga gereji siku nne. Fundi Tulsi akairudisha boriti mabegani mwake akiomba radhi kila anapokutana na mtu ngazini, hata jirani aliyekuja kuazima ungo. Sunmaya alikanda udongo wa jiko jipya kwa miguu yake, uani, mtoto mgongoni, akaupandisha ndoo kwa ndoo mpaka chini ya ngazi ya mwisho. Hapo anatua, mimi napokea. Mama alikuwa juu analisiliba jiko kwa viganja na kuimba. Ijumaa likakauka. Mama hakuwa amesema lolote, na Sunmaya hakuuliza.

Jumamosi asubuhi Maicha aliogeshwa, akapakwa wanja, akavalishwa nguo nyekundu ya hariri aliyoichukia mara moja. Sunmaya alikuwa chini ya ngazi anamfungia kamba, ndipo sauti ya Mama ikashuka:

"Mkwe. Panda upike."

Sunmaya akanitazama. Mimi nikatazama pembeni, maana macho yangu hayakuwa yanafaa kuonwa. Akavua ndala, akazipanga vizuri ukutani, akashika kamba ya ngazi akapanda. Hakugeuka.

Adhuhuri ukoo ulikuwa umejaa juu, watu wameketi kwenye mikeka goti kwa goti. Mama, aliye mkubwa kuliko wote, akachukua punje za wali kwa ncha za vidole akamtia Maicha mdomoni. Mtoto akakunja uso, akafikiri, akatafuna kwa ufizi, akapanua mdomo tena. Watu wakashangilia. Wakubwa wote wakamlisha kwa zamu, shangazi Ganga akiwamo, kisha sahani zikaanza kugawiwa, na anayegawa wali, kichwa kimefunikwa kwa heshima, akawa Sunmaya.

Shangazi alimwona akitokea upande wa jiko na chungu. Mikono yake ikabaki mapajani.

"Wifi," akamwambia Mama, kwa upole wa mtu anayetaka kusaidia, "goti lako limeanza tena? Umeshindwa kusimama jikoni?"

Ile ilikuwa sababu, nzuri, imeletwa hadi mlangoni, na Mama ni mtu aliyetafuta sababu miaka mitatu. Moyoni nilimwomba aichukue. Sema goti, Mama, sema goti, tule.

"Goti langu ni zima," Mama akasema. "Wali amepika mkaza mwanangu. Amepanda kwa sababu nimemwita. Kesho atapanda tena."

Shangazi Ganga akatazama chungu. Kisha akamtazama Maicha, damu ya kaka yake, ambaye alikuwa mapajani mwa Mama anatafuna wali ule ule na ameushikilia mwingine ngumini, na ambaye yeye shangazi mwenyewe alikuwa amemlisha dakika chache zilizopita.

Sunmaya alikuwa ameinama mbele yake, upawa mkononi, anangoja. Hakuharakisha.

"Usinijazie," shangazi akasema, akasogeza sahani. "Nimekula asubuhi."

Alikula, macho kwenye chakula. Sunmaya aliporudi mara ya pili na chungu, shangazi alikuwa bado hajasema neno, ila sahani yake ilikuwa tupu, na alikuwa ameshamnyooshea.