Majina Thelathini na Moja

Kila siku shule ikifungwa, Aciro hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliteremka barabara ya kwenda bandari ya Port Bell, kando ya ziwa, begi mgongoni, hadi kwenye nyumba ya matofali mekundu iliyo karibu na reli. Hapo alivua viatu, akachukua kitambaa na kuanza kupangusa vumbi: kwanza taa ya mafuta ya mlinzi wa reli, halafu kengele, halafu vioo vya picha.

"Kitambaa kikavu, Aciro," mama yake alimwambia kila siku, kana kwamba hajawahi kumwambia. "Maji ni adui wa karatasi."

Nyumba hiyo iliitwa Nyumba ya Mabehewa. Zamani aliishi humo karani wa bandari, lakini sasa ilikuwa makumbusho madogo ya vyumba viwili. Ilieleza jinsi mabehewa ya treni yalivyosukumwa hadi ndani ya meli, yakavuka Ziwa Victoria mpaka Kisumu na mizigo yake yote. Ndiyo, treni ndani ya meli! Ukiniambia hushangai, sitakuamini.

Mama yake Aciro, Bi Ayot, ndiye aliyeitunza nyumba hiyo na kuwatembeza wageni. Baba alikuwa mwanajeshi, na mwaka huo alikuwa kazini Moroto, kwa hiyo mama na binti walikuwa wawili tu. Bi Ayot aliipenda kazi yake kupita kiasi. Alipoeleza, mikono nayo ilieleza. Alisukuma behewa lisiloonekana mpaka wewe mwenyewe ukataka kumsaidia.

Shida ilikuwa moja tu: watu hawakuja. Watalii kutoka ng'ambo walikuja wawili watatu kwa wiki, wakapiga picha na kwenda zao. Lakini wenyeji? Mh! Kwa miezi mitatu walikuwa wameingia wanne, na mmoja wao alikuwa anakimbia mvua. Kwenye kitabu cha wageni aliandika, "Asanteni kwa paa."

Basi mwanzoni mwa mwezi alikuja Bwana Okwera, afisa kutoka ofisi iliyosimamia nyumba ile. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyoteleza puani kila alipoinama. Alifungua kitabu cha wageni, akakifunga, akakifungua tena.

"Bi Ayot, wakubwa wangu wanauliza nyumba hii ni ya nani," alisema. "Iliwekwa kwa ajili ya watu wa hapa, na watu wa hapa hawaitaki. Mwezi huu wasipofika wenyeji thelathini, vitu vitatiwa kwenye masanduku vipelekwe stoo. Pole sana, nyabo, mama yangu. Nitakuja Jumamosi ya mwisho nitazame kitabu."

Aciro alikuwa nyuma ya mlango na kitambaa chake. Alisikia yote.

Wiki zikapita. Mama aliandika tangazo kwa mkono akalibandika getini. Aliwasalimu wapita njia na kuwakaribisha, nao wakamwitikia kwa heshima, wakaendelea na safari. Siku moja Aciro alimkuta amesimama mbele ya picha kubwa ya ukutani, ile ya wanaume saba wakisukuma behewa kuingia melini. Chini yake paliandikwa, "Wafanyakazi wa bandari. Majina hayajulikani." Mama alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa kilekile cha vumbi. Moyo wa Aciro ukamwuma kweli kweli.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, mama alitoka kwenda kununua sabuni. Aciro akabaki peke yake na kitabu cha wageni. Wewe ungefanya nini? Najua, unasema usingefanya kitu. Aciro alichukua kalamu tatu za rangi tofauti, akakaa, akaanza kuandika.

Aliandika Sajini Ogwang, jirani yao. Aliandika mke wa Sajini na watoto wao wote. Aliandika Travis, mwenzake wa darasani, na mama yake Travis, Bi Moreen. Aliandika muuza chapati, fundi viatu na mwalimu wa kwaya. Mengine aliyaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ubadilike. Kwenye safu ya maoni aliweka, "Pazuri sana," kisha, "Nitarudi," na alipoishiwa akamwekea Sajini, "Chakula kitamu." Yalipofika thelathini, akaongeza jina moja la akiba: Mama Rosebella, muuza samaki wa kukaanga. Akamwekea hata sahihi yenye mkia mrefu.

Siku iliyofuata mama alimwita. Kitabu kilikuwa wazi mezani.

"Aciro, hapa tunauza chakula siku hizi?"

Mama akashusha kidole hadi mstari wa mwisho.

"Na hii sahihi ya Mama Rosebella. Wewe unajua Mama Rosebella hakusoma. Hata benki huweka kidole. Mkono gani ulimwandikia mkia huu?"

Machozi yakamtoka Aciro kabla ya maneno. "Mama, nilitaka usilie tena. Nilitaka wasiifunge nyumba yako."

Mama hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alimvuta, akamkumbatia kwa muda mrefu, na Aciro akasikia moyo wa mama unavyokwenda. Halafu akachukua simu.

"Bwana Okwera, habari za kazi. Kuna majina thelathini na moja kwenye kitabu changu, na yote ni ya uongo." Akasikiliza. "Hapana, si mimi niliyeandika. Lakini kitabu ni changu. Ndiyo, ssebo, bwana. Jumamosi utatukuta."

Aciro alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mama, sasa wataifunga!"

"Labda. Lakini nikikuachia uongo huu, kila siku nitakapofungua mlango nitauona." Mama alimfuta mashavu. "Umechukua majina ya watu bila kuwaomba. Utakwenda kwa kila mmoja, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe, umwombe radhi."

"Wote thelathini na mmoja?"

"Uliweza kuwaandika wote, sivyo?"

Jamani, zile siku tatu zilikuwa ndefu! Aciro alianza na Sajini Ogwang, kwa sababu ndiye aliyemwogopa zaidi. Sajini alikuwa anapiga kiwi buti zake nje ya nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko mpaka brashi ikamponyoka.

"Mimi nimeandika 'chakula kitamu'? Mimi?" Alipotulia alikuna kidevu. "Lakini nikuambie ukweli. Miaka kumi napita pale, nadhani ni ofisi ya serikali. Mtu haingii ofisi bila barua."

Bi Moreen, mama yake Travis, alikuwa anaanika nguo. "Makumbusho si mambo ya watalii?" alisema. "Sisi likizo tunakwenda kijijini kwenye msiba au harusi, basi. Hata siku moja hakuna aliyeniambia, Moreen, karibu." Travis alikuwa pembeni, amekasirika kidogo kwa kuandikwa, lakini zaidi alitaka kujua habari ya treni kuingia ndani ya meli. Aciro alimweleza, na mikono yake ikaanza kusukuma behewa hewani kama ya mama yake.

Wengine walicheka, wengine walimkaripia. Fundi viatu alimwambia hana adabu, na Aciro akakubali kuwa ni kweli. Kila mmoja alimwomba radhi, na kabla ya kuondoka alisema, "Tafadhali, Jumamosi karibu uje mwenyewe."

Wa mwisho alikuwa Mama Rosebella. Huyu hakucheka hata kidogo. Aliweka chini mwiko wake kando ya karai la mafuta, akamtazama Aciro.

"Jina langu nilipewa na marehemu baba yangu," alisema. "Sina kisomo, sina shamba, jina ninalo. Wewe umelifanya la kuchezea?"

"Nisamehe, mama."

"Na hiyo nyumba yenu! Zamani kidogo nilisimama getini pale na beseni langu kichwani, nataka tu kuchungulia. Askari wa siku hizo akaniambia, wewe mama wa samaki, harufu yako itakimbiza wageni. Toka hapo siwezi kugeuza shingo nikipita. Nenda, mwanangu. Mafuta yangu yanaungua."

Aciro alikwenda nyumbani akilia njia nzima. Hakujililia yeye. Alimlilia Mama Rosebella na beseni lake pale getini, na mama alipomwuliza, akamsimulia yote.

Jumamosi ikafika. Aciro na mama walipangusa vumbi mara mbili, wakafungua madirisha yote. Bwana Okwera alikuja asubuhi na mapema, akaketi kwenye kiti kando ya mlango, faili mapajani. Saa tatu hakuja mtu. Saa nne hakuja mtu. Aciro alitazama barabara mpaka macho yakamwasha.

Saa tano kasoro robo, zikasikika buti. Sajini Ogwang aliingia getini na mkewe na watoto wanne, nguo zimepigwa pasi.

"Tumekuja kula," alisema kwa sauti ya gwaride. "Chakula kiko wapi?"

Hata Bwana Okwera alicheka. Baada yao walikuja Bi Moreen na Travis, na Travis alikuwa amewaleta wavulana watatu aliowaambia habari ya treni. Alikuja muuza chapati, mikono bado ina unga. Fundi viatu alikuja akasimama mbele ya taa ya mafuta, akasema babu yake alikuwa na taa kama ile huko Kitgum, akaeleza jinsi ya kusafisha utambi wake. Bi Ayot alimsikiliza kwa makini, kisha akaandika maneno yake kwenye daftari. Mpaka saa tisa walikuwa wamefika wenyeji ishirini na sita, na wote walijiandika kwa mikono yao.

Ishirini na sita si thelathini. Bwana Okwera alipandisha miwani yake, akaitazama saa.

Ndipo Mama Rosebella alipotokea getini. Alikuwa amevaa gomesi ya kijani, gauni refu lenye mshipi mpana, na hakuwa na beseni. Alisimama palepale, miguu imekataa kuingia. Bi Ayot alimwona, akatoka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu ndani, mama. Ulikosewa hapa, na mimi ninakuomba radhi. Nyumba hii ni yako."

Waliingia polepole. Mama Rosebella alipita kwenye taa, akapita kwenye kengele. Alipofika mbele ya picha kubwa, akasimama. Akasogea karibu. Akainua kidole, akakiweka juu ya kioo, kwenye uso wa mtu wa tatu kutoka kushoto.

"Huyu ni baba," alisema.

Bi Ayot akasogea kando yake.

"Ni baba yangu, Oloo. Kofia yake ile, alikuwa anaivaa upande hivyohivyo. Na huyu aliye nyuma yake ni Okeny, kutoka Gulu. Walikula sahani moja, hawakuachana. Nikiwa mdogo nilikuwa nawaletea uji." Akaanza kulia, na hakuficha. "Jamani baba! Miaka yote hii uko hapa, nami napita nje na samaki wangu."

Aciro alimkumbatia kiunoni. Alimwonea uchungu, na pia alifurahi, na hakujua jinsi mambo hayo mawili yalivyoweza kukaa pamoja.

Bwana Okwera alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alisoma tena kile kibao chini ya picha, "Majina hayajulikani."

"Kumbe yanajulikana," alisema. "Ila hatukuwahi kuwauliza wenye majina. Bi Ayot, wenyeji thelathini hawakutimia. Nitawaandikia wakubwa wangu idadi ya kweli, kama ulivyoniambia ukweli kwenye simu. Na nitawaandikia pia kwamba picha hii haiingii kwenye sanduku lolote. Nitaomba nyumba ibaki wazi mwaka mzima, tutafute na majina ya hao watano waliobaki pichani."

Bi Ayot alifunika uso kwa mikono. Sajini akapiga makofi, na watoto wakapiga kelele za furaha mpaka kengele ya ukutani ikatetemeka.

Wiki mbili baadaye jibu lilikuja: mwaka mzima walipewa. Lakini turudi Jumamosi ile, kwa maana kulikuwa na jambo moja lililobaki. Mama Rosebella alijifuta macho, akamgeukia Aciro.

"Wewe, niletee hicho kitabu chako."

Aciro alikileta, ameinamisha kichwa. Kwenye ukurasa wa uongo mama yake alikuwa amechora mstari kwa rula juu ya kila jina. Ukurasa mpya ulikuwa na majina ishirini na sita.

"Mwanangu," alisema Mama Rosebella, na sasa sauti yake ilikuwa laini, "siku nyingine ukimtaka mtu, mwite. Usimwandike. Sisi tulikuwa tunangoja kuitwa tu. Na mambo ya wazee wetu yakikaa humu bila sisi kuja kuyatazama, nani atayasema majina yao? Haya, andika jina langu. Safari hii nimekutuma mimi."

Aciro aliandika kwa mkono wa kulia, polepole, bila mkia. Bi Ayot alileta kidau cha wino wa mhuri. Mama Rosebella akachovya kidole gumba, akakikandamiza kando ya jina lake, akakitazama akatabasamu. Aciro alipuliza wino mpaka ukakauka.

Kisha akachukua karatasi safi, akaketi chini ya ile picha, akamwomba Mama Rosebella amtajie tena, taratibu, jina kamili la baba yake.